Matembezi Yetu Katika Mji wa Bukavu

Mara nyingi mmesoma habari za miji ya mbali: Roma, Lourdes, Yerusalemu. Leo twapenda kuwapeleka katika mji ambao baadhi yenu mnauona kila siku, nanyi wengine mmeusikia tu katika habari za vita. Ndio Bukavu, mji mkuu wa Kivu ya Kusini, katika nchi ya Kongo. Sababu ya kuandika ni swali la mtoto mmoja.

SWALI LA MTOTO

Tulikuwa tukifundisha darasani historia ya miji ya Ulaya katika Karne za Kati. Kwa mfano tulichukua mji wa Regensburg, huko Ujerumani, uliojengwa ukingoni mwa mto mkubwa Danube. Tuliwaeleza wanafunzi jinsi Warumi walivyomaliza ngome yao mahali pale mwaka 179 baada ya Kristo. Jinsi wenyeji walivyojenga daraja la mawe kati ya mwaka 1135 na 1146, lenye urefu wa mita zaidi ya mia tatu. Jinsi askari wa Vita vya Msalaba walivyopita hapo mwaka 1147 wakielekea Nchi Takatifu. Kisha tukawaeleza habari za Kanisa Kuu la Mtakatifu Petro. Lilianza kujengwa baada ya moto wa mwaka 1273, na minara yake miwili haikumalizika mpaka mwaka 1869. Karibu miaka mia sita kwa kanisa moja! Wanafunzi walistaajabu sana.

Ndipo mtoto mmoja, mwenye umri wa miaka kumi na miwili, akainua mkono akasema: “Mwalimu, wale wana daraja la karibu miaka mia tisa, na kanisa la miaka mia saba. Sisi hatuna kitu. Mji wetu hauna historia, una vita tu.”

Wenzake walicheka. Sisi hatukucheka, maana tulijua maneno yale yametoka wapi. Mwezi wa Februari 2025, wapiganaji wa M23 walipouingia mji, jamaa nyingi zilikimbia, na katika darasa letu madawati kadhaa yalibaki wazi. Rafiki aliyekaa na mtoto huyu dawati moja alikuwa mmoja wa hao waliokwenda, wala hakurudi. Tukafahamu kwamba mtoto alitaka kujua kama mji huu unastahili kupendwa, na kama ni busara mtu kukaa ndani yake.

Hatukuwa na jibu lililo tayari. Tulimwambia hivi tu: “Jumamosi tutatembea, tuone.” Tukaomba ruhusa kwa mkuu wa shule na kwa wazazi, tukatembea Jumamosi tatu mfululizo, kila mwanafunzi akichukua daftari na kalamu.

PENYE MTO RUZIZI

Jumamosi ya kwanza tulitelemka mpaka upande ule mto Ruzizi unapotoka ziwani. Wanafunzi wamezaliwa karibu na maji haya, lakini wachache walijua habari zake. Ziwa Kivu liko juu sana, mita 1,460 hivi juu ya usawa wa bahari, na kilindi chake hupita mita 480. Zamani za kale maji ya bonde hili yalikwenda kaskazini, upande wa mto Nili. Halafu volkeno za Virunga ziliiziba njia ile. Maji yalijaa, yakapanda, hata yakapata mlango upande wa kusini, na mlango huo ndio Ruzizi. Tangu hapo maji yetu hushuka karibu mita mia saba mpaka Ziwa Tanganyika. Kutoka huko hufuata mto Lukuga, huingia katika mto Kongo, na mwisho hufika bahari ya Atlantiki.

Mwanafunzi mmoja akasema: “Basi mlango wa ziwa zima uko kwetu!” Tukamwambia aandike hivyo katika daftari lake.

Regensburg ulikua kwa sababu ya kivuko, na penye kivuko watu hufanya biashara. Hapa kwetu pia, kabla Wazungu hawajafika, watu wa Bushi, wa Buhavu, wa kisiwa cha Idjwi na wa Kinyaga katika Rwanda walikuwa wakivuka maji kwa mitumbwi. Walibadilishana mifugo, vyakula na majembe. Tena walikuwa na kitu kilichofanya kazi ya fedha, nacho kiliitwa butega. Ni bangili zilizofumwa kwa nyuzi za mimea na Watembo, wakaao magharibi ya ziwa. Mtu aliweza kuzihesabu, kuzifunga pamoja, kuzihifadhi, na kununua kwazo mbuzi au chakula upande wa pili wa ziwa. Wanafunzi walipenda sana habari hii, kwa kuwa walidhani fedha na masoko vilikuja na Wazungu.

Mwaka 1894 Mjerumani mmoja mwenye cheo, von Götzen, alifika ziwani, naye huhesabiwa kuwa Mzungu wa kwanza kuliona. Baada yake akaja tabibu Richard Kandt, Mjerumani pia, aliyejenga makao yake huko Shangi, ng'ambo yetu, akitafuta chemchemi za Nili. Lakini Wabelgiji nao walitaka nchi hii. Wakagombana miaka mingi, mpaka mwaka 1910, katika mkutano wa Brussels, wakakubaliana kwamba mpaka upite ziwani na kuufuata mto Ruzizi. Wenyeji hawakuulizwa. Mtu aliyekuwa na shamba upande huu na shemeji yake upande ule aliamka siku moja akaambiwa kwamba shemeji yake ni mgeni.

Katika Vita Kuu ya kwanza Wajerumani walikiteka kisiwa cha Idjwi mwaka 1914, na mwaka 1916 majeshi ya Wabelgiji yakavuka kuingia Rwanda. Waliobeba risasi na vyakula vyao kichwani ni baba zetu. Na mwezi wa Julai 1994, baada ya mauaji ya kimbari ya Watutsi katika Rwanda, maelfu kwa maelfu ya watu walivuka Ruzizi wakija kwetu. Ndani ya msongamano ule walikuwamo wenye damu mikononi, na walikuwamo watoto wachanga wasiojua kitu.

Tulipokuwa tukieleza hayo, akina mama walikuwa wakipita na mizigo yao. Mama mmoja mwenye kikapu cha nyanya alipumzika karibu nasi. Tukamwamkia: “Jambo, Mama. Habari ya kazi?”

“Nzuri, Mwalimu. Tunatafuta maisha.”

Mmoja wa wanafunzi akamwuliza kama haogopi kwenda ng'ambo siku hizi. Mama akajibu: “Naogopa, mwanangu. Lakini kule nina mnunuzi wangu wa miaka mingi. Siku mpaka ukifungwa, yeye na mimi tunalala njaa pamoja.” Akajitwika kikapu chake, akaenda zake.

Kabla ya kurudi tuliwakumbusha wanafunzi jambo moja zaidi. Mwishoni mwa miaka ya 1950 Wabelgiji walijenga katika mto huu kituo cha umeme kiitwacho Ruzizi ya Kwanza. Cha pili, Ruzizi ya Pili, kilianza kazi mwaka 1989, kikiwa mali ya Kongo, Rwanda na Burundi kwa pamoja. Mto ule ule unaotenga nchi hizo ndio unaoziwashia taa. Wanafunzi waliliandika hili bila kuambiwa.

MAJINA NA MITAA

Jumamosi ya pili tuliingia katikati ya mji. Wazee wa Kishi husimulia kwamba jina Bukavu linatokana na neno la Mashi, bunkafu, yaani mahali pa ng'ombe. Wabelgiji waliweka kituo chao hapa mwaka 1901. Mwaka 1927 wakaupa mji jina la Costermansville, kwa heshima ya Paul Costermans, afisa wao aliyefikia cheo cha Naibu wa Gavana Mkuu. Katika miaka ya 1950 jina la wenyeji likarudi. Wanafunzi walicheka waliposikia kwamba ng'ombe wamemshinda afisa.

Ukisimama mahali pa juu, utaona rasi tano zikiingia ziwani: La Botte, iliyofanana na kiatu kirefu, na Muhumba, na Nguba, na nyinginezo. Watu husema Bukavu ni mkono wa kijani uliotiwa majini, na rasi ni vidole vyake. Huko Wabelgiji walijenga nyumba zao kati ya miaka ya 1930 na 1950, zenye pembe za mviringo, roshani ndefu na madirisha kama ya meli. Njia kubwa ipitayo katikati waliiita Njia ya Mfalme; leo ina jina la Patrice Emery Lumumba. Mwaka 1938 Mapadre Wajesuiti walifungua koleji ambayo mwanzoni ilikuwa ya watoto wa Wazungu. Baadaye milango yake ilifunguliwa kwa watoto wa Kiafrika, na jina lake likawa la Kiswahili: Alfajiri.

Hapo hatukutaka kuwaficha wanafunzi upande mwingine wa habari. Babu zao, waliochonga mawe na kuchoma matofali ya nyumba hizo, hawakuruhusiwa kulala katika mitaa ile. Jioni ilipofika walipanda kurudi Kadutu. Katika miaka ya 1950 serikali iliwajengea wafanyakazi nyumba za mistari huko Bagira, mbali kidogo, na jamaa nyingi za Bukavu zimeanzia katika vyumba vile vidogo. Tulipowauliza wanafunzi ni nani wenye babu au nyanya aliyeanzia maisha Kadutu au Bagira, karibu mikono yote ilipanda.

“Basi mji ulijengwa na babu zetu,” akasema yule mtoto wa swali, “lakini haukuwa wao.”

“Ulikuwa wa jasho lao,” tukamjibu, “na sasa wewe wapita hapa bila kuomba ruhusa.”

Tukamweleza pia kwamba miji ya kale ina dhambi zake. Mwaka 1519 watu wa Regensburg waliwafukuza Wayahudi wote waliokuwa wakiishi kati yao tangu karne nyingi, wakaibomoa sinagogi yao. Mgeni aliyetazama tu minara na daraja la mji ule hangejua jambo hili, ila amwulize mtu. Ndiyo sababu mwalimu anapoonyesha jengo, imempasa aseme pia ni nani waliotolewa nje ya mlango wake.

Tuliendelea mpaka uwanja wa Mulamba. Jina hili lamkumbusha Kanali Léonard Mulamba, aliyeulinda mji mwezi wa Agosti 1964 waasi wa Simba walipotaka kuuteka. Miaka mitatu baadaye, kati ya Agosti na Novemba 1967, askari wa kukodiwa walioongozwa na Mbelgiji Jean Schramme waliushika mji karibu miezi mitatu, wakauacha umeharibika. Watu walirudi, wakaziba matundu ya risasi, wakaezeka tena. Mtoto mmoja alionyesha ukuta wenye alama akauliza: “Haya matundu ni ya vita gani?” Hatukuweza kumwambia, maana vita vimekuwa vingi. Tuliona haya kidogo, tukaendelea.

MLIMANI KADUTU

Jumamosi ya tatu tulipanda Kadutu. Tulipita sokoni asubuhi, mahali palipojaa mihogo, maharagwe, vitenge na kelele. Tuliona mafungu ya sambaza, wale samaki wadogo wanaong'aa kama fedha. Wasomaji wengine watashangaa kusikia kwamba samaki hao si wa asili ya Ziwa Kivu. Waliletwa kutoka Ziwa Tanganyika mwishoni mwa miaka ya 1950, nao wakazaana ajabu. Usiku wavuvi huwavutia kwa taa, wakifunga mitumbwi yao pamoja na kuimba ili makasia yaende sawasawa. Mgeni aliyeletwa amekuwa chakula cha wenyeji.

Baada ya soko tulifuata njia nyembamba upande wa Funu. Hapo ndipo tulipoona hatari kubwa ya mji huu, nayo haina bunduki. Mlima wenyewe unatembea. Udongo wa Funu huteleza polepole, mwaka hata mwaka, na nyumba huteleza pamoja nao. Kuta zina nyufa zinazotosha kuingiza mkono. Mji uliokusudiwa watu wachache sasa wakisiwa kuwa na watu zaidi ya milioni moja, na wengi wao, waliokimbia vita vijijini, hawakupata pa kujenga ila juu ya miteremko hii. Miti imekatwa, mitaro imejaa takataka, na mvua kubwa ikinyesha usiku wazazi hawalali. Tena nchi hii ina matetemeko. Jumapili ya tarehe 3 Februari 2008 ardhi ilitikisika kwa nguvu katika Bukavu na ng'ambo katika Rwanda, nyumba zikaanguka, watu wakafa. Katika Rwanda wengine walifia kanisani walipokuwa wakisali.

Karibu na njia tulimkuta mzee mmoja akitengeneza mtaro wa maji kwa mawe. Hakuwa na saruji. Aliyapanga mawe moja juu ya jingine, akayagonga kwa nyundo mpaka yakakaa. Mtaro ule haukuwa mbele ya nyumba yake, ulikuwa juu, kwa jirani.

Tukamwamkia kwa heshima, tukamwuliza: “Mzee, nani amekupa kazi hii?”

Akajibu: “Hakuna aliyenipa. Maji yakivunja hapa kwa jirani, yatafika kwangu chini. Siku za salongo watu huja. Siku nyingine nafanya peke yangu.”

“Na mvua ikibomoa?”

“Hubomoa kila mwaka, Mwalimu. Nami huanza tena kila mwaka.”

Tulipoendelea na njia tuliwaambia wanafunzi habari za Regensburg ambazo hatukuwa tumezisema darasani. Lile Kanisa Kuu halisimami kwa sababu mawe yake ni magumu. Mvua na baridi huyala kila mwaka. Kuna karakana ya mafundi wa mawe ambao kazi yao ni hiyo moja: kulitazama kanisa, kuondoa jiwe lililooza, kuchonga jingine na kulitia mahali pake. Hata daraja lile lilihitaji matengenezo makubwa kuanzia mwaka 2010 mpaka 2018. Mji wa kale ni mji ambao watu wake hawakuacha kuutengeneza. Tukawaambia: “Mmemwona fundi mmoja wa aina hiyo asubuhi hii. Mwandikeni.” Yule mtoto wa swali akarudi mbio kumwuliza mzee ameanza kazi ile mwaka gani. Akarudi akihema: “Anasema tangu tetemeko.”

PENYE MAKABURI YA MAASKOFU

Mchana tulimaliza matembezi yetu penye Kanisa Kuu la Bikira Maria wa Amani. Imani ilifika Bushi pamoja na Mapadre Weupe mwaka 1906. Mwaka 1929 Kivu ikawa vikariati, na mwaka 1959 Bukavu ikawa jimbo kuu. Tuliingia tukasali, kisha tukatoka kwenda makaburini.

Hapa amelala Askofu Mkuu Christophe Munzihirwa. Alizaliwa Burhale katika Bushi mwaka 1926, akawa padre mwaka 1958, kisha akaingia katika shirika la Wajesuiti. Mwaka 1994 aliwekwa kuliongoza jimbo kuu la Bukavu, wakati ule ule mgumu ambao wakimbizi walijaa katika kila shule na kila uwanja. Alitetea haki za watu wote bila kuuliza kabila lao, na kwa ajili hiyo alichukiwa na wengi. Mwezi wa Oktoba 1996 vita vilipoukaribia mji, wakubwa wengi walikimbia. Yeye alibaki, akawasihi watu wasitawanyike wala wasitiane hofu. Tarehe 29 Oktoba 1996 aliuawa kwa risasi na askari karibu na Nyawera. Uwanja wa mahali pale una jina lake leo.

Karibu naye ni Askofu Mkuu Emmanuel Kataliko, aliyekuja kutoka Butembo kushika nafasi yake. Katika barua yake ya Krismasi ya mwaka 1999 alilaumu uonevu na unyang'anyi. Mwezi wa Februari 2000 wenye mamlaka wa wakati ule walimzuia asiingie mjini, wakampeleka Butembo. Waamini walihuzunika, wakaonyesha upinzani wao bila kushika silaha. Mwezi wa Septemba alirudi, na watu wakamlaki kwa furaha kubwa. Lakini haukupita mwezi mmoja, akafariki huko Roma tarehe 4 Oktoba 2000.

Tulinyamaza kidogo. Kisha tukawaeleza wanafunzi habari ya mwisho ya Regensburg, ile tuliyokuwa tumeitunza mpaka hapa.

Mwezi wa Aprili 1945 majeshi ya Marekani yalikuwa karibu na mji ule. Wakubwa wa Hitler waliamuru upiganiwe mpaka jiwe la mwisho. Tarehe 23 askari wa Kijerumani wenyewe walilipua sehemu ya lile daraja la mawe, ambalo lilikuwa limedumu miaka mia nane. Siku hiyo hiyo watu, wengi wao wanawake, walikusanyika uwanjani wakiomba mji usipiganiwe, ili usiharibiwe. Padre Johann Maier, mhubiri wa Kanisa Kuu, akasimama kuwasemea kwa upole. Alikamatwa pale pale, akahukumiwa usiku, na tarehe 24 akanyongwa. Alikuwa na umri wa miaka thelathini na minane. Siku tatu baadaye Wamarekani waliingia mjini bila vita. Matao yaliyolipuliwa yalijengwa upya, kazi ikamalizika mwaka 1967, mwaka ule ule nyumba za Bukavu zilipokuwa zikivunjwa na mamluki. Siku hizi mgeni apitaye juu ya daraja lile huona mawe tu. Lakini mji mzuri anaoutazama ungaliweza kuwa kifusi, kama watu wale wasingalitoka nyumbani kuomba amani, na kama padre yule angalinyamaza.

Yule mtoto aliuliza: “Kwa hiyo wao pia wana kaburi kama hili?”

“Ndiyo. Wao pia.”

Aliandika kwa muda mrefu. Alinakili majina na miaka, herufi kwa herufi. Halafu akaona majani makavu juu ya kaburi, akainama akayaokota yote, akayatia mfukoni mwa suruali kwa kuwa hakuona pa kuyatupa. Wenzake wakafanya vivyo hivyo. Hatukuwaambia neno.

KAZI TULIYOWAPA, NA TUNAYOWAPA NINYI

Jumatatu tuliwapa wanafunzi kazi ya nyumbani. Kila mmoja amwulize mzee mmoja wa jamaa yake: nyumba yetu ilianza lini mjini hapa? Nani aliijenga? Nani alikuwa jirani wa kwanza, na yuko wapi sasa? Majibu yalikuja ya namna nyingi. Babu mmoja alikuwa mpishi wa Mbelgiji huko Muhumba. Nyanya mmoja alivuka kutoka Idjwi kwa mtumbwi akiwa bibi arusi. Baba mmoja alitembea siku nyingi kutoka Shabunda akimbeba mdogo wake. Tumeyaweka katika daftari moja kubwa, nalo liko kabatini darasani. Mwanzoni mwake tumeandika mwaka 1901, na kurasa za mwisho tumeziacha tupu.

Yule mtoto wa swali aliandika ukurasa mmoja juu ya rafiki yake aliyekimbia: jina lake, dawati lake, na nyumba ya kwao ilipo, ili akirudi asipotee. Hatumtaji hapa jina, lakini twawaomba ninyi wasomaji mmwombee.

Ndugu wazazi, msingoje kitabu kiletwe kutoka Ulaya ndipo watoto wenu wajue mahali walipozaliwa. Jioni, baada ya sala, wasimulieni. Waambieni mazuri na mabaya pia, kwa maana mtoto akisikia vita peke yake atadhani hatuna kitu kingine. Nanyi vijana, ukiuona mtaro umeziba, usiulize ni wa nani. Yule mzee wa Funu hakuuliza.

Bikira Maria wa Amani, uliye mlinzi wa Kanisa letu Kuu, utuombee sisi na majirani wetu wa ng'ambo ya Ruzizi. Amina.